Waliolikaza Gari la Mzee Shebughe

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana nitawatukana, katika kijiji cha Kwembago huko juu milimani, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Shebughe. Hii si zamani ya sungura na fisi. Ni zamani yenye magari, na msiba wa hadithi hii umeanzia chini ya gari. Kaeni vizuri. Wewe mwenye simu, izime. Mwishoni nitawauliza swali, na asiyesikiliza atajibu upuuzi.

Mzee Shebughe alikuwa na mke, Bi Naemi. Alikuwa na mtoto wa kiume, Hozza, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wake. Alikuwa na binti, Damari, aliyeolewa mjini chini ya mlima na fundi wa magari aitwaye Kihiyo. Basi, nyumba imeishia hapo. Ndugu zake mzee walikwisha kufa, na kwao Bi Naemi hakubaki mtu. Washikeni vichwani hao, sitawarudia.

Na alikuwa na pikapu. Ndilo gari pekee lililokuwapo Kwembago. Lilishusha viazi sokoni, lilipandisha saruji, lilikimbiza wagonjwa hospitali, na wakishindikana huko, liliwarudisha wakiwa wamefunikwa shuka. Mzee alilipenda kupita kiasi. Mbele alilifungia ngao ya chuma kizito, eti ng'ombe wakiligonga wajute wenyewe. Injini ya kwanza ilipokufa akaweka nyingine ya dizeli, kubwa, iliyotolewa kwenye lori. Mbele pakawa pazito mno. Siku zikaenda, gari likaanza kuinama. Nyuma juu, mbele chini, ngao karibu ikwangue barabara. Watoto wakasema gari la mzee linanusa njia.

Sasa sikilizeni kidogo mambo ya gereji, si mengi. Gari la namna ile, mbele halina springi za kujiviringisha. Lina vyuma viwili virefu vimelala chini ya tumbo lake, kimoja kila upande. Mafundi wanaviita tosheni. Chuma kimesokotwa, na kule kusokotwa ndiko kunakolibeba gari. Mwisho wa kila chuma kuna bolti. Ukiikaza bolti, chuma kinasokotwa zaidi na pua ya gari inapanda. Mtu yeyote mwenye spana anaweza kufanya hivyo. Lakini chuma kina kikomo chake, na kikishachoka dawa yake ni kukibadilisha. Ukiendelea kukikaza, unakitesa tu.

Hozza aliliona hilo mapema. Siku moja, mbele ya watu dukani, akamwambia baba yake kwamba gari limeinama na vyuma vimechoka. Mzee akamnyang'anya ufunguo. Akaukalia ufunguo ule mpaka viazi vya watu vikaota machipukizi kwenye magunia.

"Gari langu halijainama," akasema. "Barabara ndiyo imeinuka."

Watu wakageuza nyuso pembeni wakacheka. Na tangu siku ile, bila kikao wala mkutano, Kwembago nzima ikakubaliana kwamba mzee asiambiwe. Msidhani walimwogopa. Walimpenda. Hapakuwa na nyumba pale ambayo mgonjwa wake hakubebwa na gari lile. Kumwambia gari limechoka ilikuwa sawa na kumwambia yeye mwenyewe amechoka, na nani angekuwa na mdomo huo? Wakawa wanalitazama limeinama vile, wanasema, mzee, leo gari linang'aa. Heshima, jamani. Heshima ya watu wale ilikuwa nzito kuliko ile ngao.

Basi, wa kwanza kulikaza alikuwa mkwe.

Damari alikuwa amepanda kwao kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi ya kule, binti ajifungulie mikononi mwa mama yake. Kihiyo akaja kumwona mkewe. Alipoingia uani, kitu cha kwanza alichokiona ni gari. Fundi ni fundi. Akaona pua ilivyolala, akaona tairi zilivyolika ndani, moyo ukamuuma. Lakini yeye ni mkwe, na mkwe wa Kwembago hata kikombe cha baba mkwe hakigusi bila kupewa. Atasemaje, baba, gari lako bovu? Akangoja. Mzee, mkewe na Hozza walipokwenda kanisani, akatoa spana kwenye mkoba wake. Akaingia uvunguni, akakaza, akajifuta mikono, akanyamaza.

Alikaza kwa kiasi. Hilo lazima tumpe. Alikijua chuma, akakiacha na nafasi ya kupumua. Alipotoka uvunguni akamkuta Damari amesimama na tumbo lake, anamtazama. Akamwomba asimwambie mtu, wala baba wala kaka yake, ili mzee asiaibike kwamba mkwe amemkagulia mali yake. Damari akaitikia. Mzee aliporudi akaliona gari limesimama wima, akalizunguka mara mbili tatu, akatabasamu. Akawauliza watu wa nyumba kama barabara haikuwa imeanza kushuka sasa. Bi Naemi akacheka mpaka akashika mlango.

Wa pili alikuwa mwana.

Viazi vilikuwa vingi mwaka ule. Gari lilishuka na kupanda, kushuka na kupanda, na vile vyuma vilikuwa vimekwisha choka tangu zamani. Pua ikarudi chini. Hozza sokoni akawa hana raha, kila akiegesha wenzake wanamuuliza kama gari limeangusha kitu linakitafuta. Na si utani tu. Kwenye makorongo tairi ilikuwa inasugua bodi, na yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, nyuma amebeba watu. Amwambie baba? Alikwisha mwambia, akanyang'anywa ufunguo. Akaazima spana kwa dereva mwenzake. Mzee alipolala baada ya chakula cha mchana, Hozza akaingia uvunguni, akakaza, akajifuta mikono, akanyamaza.

Hakujua kama mkwe alikwisha pita pale. Angejuaje? Gari lilipoinuka mara ile, alidhani baba amelishughulikia mwenyewe kwa siri. Alikaza mpaka macho yake yakaridhika. Alipotoka, Damari alikuwa kwenye kamba anaanika nepi, maana alikuwa amekwisha jifungua. Hozza akamsihi dada yake asimwambie mtu, na hasa asimwambie Kihiyo. Mkwe akijua kwamba gari la nyumba hii linashikiliwa kwa spana ya kuazima, itakuwa aibu ya baba na aibu yetu sote. Damari akafungua mdomo. Alitaka kusema, kaka, na Kihiyo naye alikaza. Lakini alikuwa ameahidi. Akafunga mdomo. Akajiambia kwamba hawa wote wanamsaidia baba, na msaada juu ya msaada hauna ubaya. Akamaliza kuanika nepi, na wiki iliyofuata akashuka mjini kwa mumewe na mtoto mgongoni.

Wa tatu, sasa. Wa tatu alikuwa mzee mwenyewe.

Mnashangaa nini? Mlidhani hajui? Mtu ana gari lake miaka yote hiyo, ashindwe kuona limeinama? Alijua tangu siku ya kwanza. Alijua kuliko wote. Hakutaka tu kulisikia likitoka katika mdomo wa mtu. Lilipoinuka mara ya kwanza alijiambia labda limejirekebisha, na lilipoinuka mara ya pili alijiambia hivyo hivyo. Mtu anayetaka kuamini kitu haulizi maswali.

Ikaja habari kwamba mtoto wa Damari atabatizwa mjini, nyumbani kwa akina Kihiyo. Bi Naemi atasimama na mjukuu wake, mtoto apewe jina mbele yake. Alikuwa hasemi jambo lingine. Alishona gauni, akalifumua, akalishona upya. Mzee naye alikuwa na lake. Angeingia na gari lake katika ua wa wakwe, mafundi watupu wale, ukoo mzima wa spana na jeki. Na pua ilikuwa imekwisha kulala tena. Waione hivyo? Thubutu. Asubuhi ya safari, Hozza akiwa bado anaoga, mzee akachukua spana yake ya zamani. Akaingia uvunguni, akakaza, akajifuta mikono, akanyamaza.

Akakaza mpaka bolti ikagoma. Gari likasimama limenyanyua kifua. Alipotoka, Bi Naemi alikuwa pale, amevaa gauni lake. Hakumuuliza kitu. Alimpangusa vumbi mgongoni, akamwambia aende akabadilishe shati.

Wakaondoka. Hozza kwenye usukani, mzee katikati, Bi Naemi dirishani upande wa kushoto, kwa sababu alipenda kupungia watu mkono. Barabara ile ikishuka, mlima uko kulia na bonde liko kushoto. Gari lilikuwa gumu siku ile, linaruka hata kwenye kokoto. Hozza akalihisi. Akashangaa, akapunguza mwendo, lakini hakusema kitu, maana angesema nini na baba amekaa hapo ubavuni? Wakafika pale ambapo maji ya mvua yalikuwa yamekata mfereji barabarani. Tairi ya kushoto ikaingia, ikatoka. Kikasikika kishindo chini ya miguu yao. Chuma cha kushoto kilikatika. Gari likaanguka upande ule, usukani ukamponyoka Hozza, akaurudisha kwa nguvu zake zote kuelekea mlimani, haukurudi. Wakaenda bondeni.

Mzee alitoka na mbavu zilizovunjika. Hozza alitoka na mkono uliovunjika. Bi Naemi hakutoka. Walimtoa.

Nyamazeni kidogo. Ndiyo, alikufa. Niliwaambia mwanzo kwamba ni msiba.

Damari na Kihiyo wakapanda mlima na yule mtoto ambaye hakubatizwa. Kabla ya kufika nyumbani, Kihiyo akashuka bondeni mahali gari lilipokuwa limelala. Akaingia uvunguni mwake kwa mara ya pili maishani mwake. Akaona chuma kilichokatika. Akaiona bolti imekazwa hadi mwisho, na yeye aliiacha na nafasi. Akakaa pale chini muda mrefu, watu wakadhani analia. Alipofika uani, akamfuata Hozza pembeni ya jiko, akamuuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeigusa bolti ile baada yake.

"Baada yako?" Hozza akasema. "Kumbe na wewe?"

Hapo hapakuwa na siri tena. Walisimama wanatazamana, na mzee, aliyekuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba nje kwa sababu mbavu hazikumruhusu kuinama, alikuwa anasikia kila neno. Akawaita. Akawaambia na lake. Damari akatoka ndani akawaambia na lake. Kuanzia hapo nyumba ile haikuwa na kilio cha kawaida. Kila mmoja alilia kivyake, amempa mwenzake mgongo.

Sasa niwaambie mila ya Kwembago, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kule, maiti akishashushwa kaburini, udongo wa kwanza lazima urushwe na mtu wa nyumba yake, wa damu au wa ndoa. Jirani harushi. Rafiki harushi. Na aliyekuwa na mkono katika kifo chake harushi udongo wa kwanza, hata kama ni mwanawe wa kumzaa, hata kama ni kwa bahati mbaya. Yeye husimama nyuma ya watu. Wanasema marehemu anautambua mkono ule, na hatalala. Mwinjilisti alikuwapo, akasema kanisa halina neno la kuongeza hapo, akafunga kitabu chake akangoja.

Wakasogea wanne hao mpaka ukingoni. Kila mmoja alikuwa na udongo mkononi. Hakuna aliyerusha.

Mzee wa kijiji aliyesimamia mazishi akawataka wamalize wao kwa wao. Aseme kila mtu lake, na watu wasikie.

Kihiyo akaanza. "Mkono wangu ulikaza kwa kiasi," akasema. "Kama ungebaki mkono wangu peke yake, chuma kingekuwa kizima na mama angekuwa ameshika mtoto saa hizi. Lakini mimi ndiye fundi, na nilijua kwamba vyuma vilivyochoka vile havikazwi, vinatupwa. Nilijua, nikakaza, nikaondoka. Nilitaka kuwa mkwe mwema."

Watu wakanong'ona. Wengine wakasema huyo arushe, maana kazi yake ilikuwa safi. Wengine wakasema huyo ndiye hasa, maana wenzake walikosea kwa kutojua, yeye alinyamaza akijua.

Hozza akasema akiwa ameshika mkono wake uliofungwa mbao. "Mimi nilikuwa wa kwanza kusema ukweli. Nilisema dukani, mnakumbuka, na mlicheka. Nilipoadhibiwa hakuna aliyenitetea. Na siku ile nilivuta usukani mpaka mfupa ukavunjika. Lakini nilikaza kwa macho tu, kama kipofu. Na nilihisi gari ni gumu, ningeweza kusimama, sikusimama. Mama alikuwa anapungia watu mkono."

Watu wakanong'ona tena. Wengine wakasema arushe, kwa sababu alisema na alipigana. Wengine wakasema aliyeshika usukani ameshika roho za watu.

Damari alikuwa na mtoto mgongoni, amelala. Akasema bila kuinua macho. "Mimi sikushika spana. Mikono yangu ni safi, itazameni. Lakini ni mimi peke yangu niliyejua kwamba wamekaza wawili. Mimi mpishi. Najua chungu kikitiwa chumvi na watu wawili wasioambiana kinakuwaje, na siku hiyo ningepiga kelele jiko zima. Kwa gari nilinyamaza. Kila mmoja aliniomba nitunze siri, na mimi nilizitunza zote mbili."

Hapo watu waligawanyika vibaya. Wanawake wengi walisema arushe Damari, mila inasema mkono, haisemi mdomo. Akina baba wakasema neno lake moja tu lingetosha.

Akabaki mzee. Walikuwa wamemshikilia vijana wawili asianguke.

"Mimi ni mumewe," akasema. "Nilimleta Kwembago akiwa msichana. Hakuna mtu hapa mwenye haki ya udongo huu kunishinda mimi, na hakuna mwenye hatia kunishinda mimi. Mkono wa mwisho ni wangu. Na hawa watoto walijificha uvunguni kwa sababu yangu, kila mmoja, wakiniogopea aibu. Ningekuwa mtu wa kuambiwa, wangeniambia. Lakini niambieni nyinyi mliokuwa mnasema gari linang'aa. Nisiporusha mimi, nitarudije kulala katika nyumba ile?"

Kila mtu alitazama miguu yake.

Najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema arushe mtoto, hana kosa. Mtoto hakuwa na jina bado, na Kwembago asiye na jina hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba. Mnataka kusema warushe wote wanne pamoja. Udongo wa kwanza hurushwa na mkono mmoja. Mnataka kusema mila hiyo ni ya kijinga, itupwe. Labda, lakini Bi Naemi aliishi kwa mila hiyo, alizika kwa mila hiyo wakwe zake wote wawili, na sasa yumo shimoni anaingojea. Msinikwepe.

Kwa hiyo wamesimama pale ukingoni. Kihiyo na udongo wake, Hozza na udongo wake katika mkono mmoja mzima, Damari na udongo wake, na mzee, ambaye wake umeanza kumvuja kati ya vidole. Mwinjilisti anangoja. Wachimbaji wameshika majembe wanangoja. Mvua imeanza kudondoka juu ya jeneza, na chini mle hakuna wa kumfunika mama wa watu.

Semeni nyinyi. Je, nani alistahili kumrushia Bi Naemi udongo wa kwanza?